Kuku wa Kwenye Kompyuta ya Baba

Wiki mbili kabla ya likizo ya Juni baba yangu alinipigia simu kutoka Murusagamba kunijulisha kwamba nyumbani kumeingia mwizi. Nilikuwa ofisi ya walimu huku Biharamulo nasahihisha madaftari, nikaiweka kalamu chini. Nikauliza wameiba nini. Mbuzi? Baiskeli? Mama yuko salama?

"Mama yako yuko shambani, mzima kabisa," akasema. "Wanaiba bando. Naliweka Jumatatu, ikifika Alhamisi limeliwa lote. Njoo na huo ujuzi wako."

Baba ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, ingawa habari hiyo haijamfikia vizuri yeye mwenyewe. Bado anaamka saa ile ile, bado anavaa shati lenye kola, na misa ikiisha humfuata padri kumweleza wapi mahubiri yalilegea. Kompyuta alijifunzia Lukole enzi za kambi za wakimbizi, alipokwenda kufanya kazi ya ukarani, na tangu hapo hakuna anayeruhusiwa kumwambia lolote kuhusu mashine hizo. "Mimi nilikuwa nagusa kompyuta wakati ninyi mnagusa kamasi," hiyo ndiyo kauli yake. Hii ya nyumbani tulimnunulia mimi na mume wangu umeme ulipofika kijijini. Ni ya mezani, ya mtumba, nzito kama gunia la maharage. Aliiweka sebuleni chini ya msalaba, akamwagiza Mama aifumie kitambaa cha kuifunika, na kazi ya Mama kwenye mashine hiyo ikawa kuifunua, kuipangusa vumbi na kuifunika tena.

"Hapo nyumbani mnaishi wangapi?" nilimuuliza kwenye simu.

"Wawili. Unatujua."

"Basi mwizi ni mmoja wenu."

"Mimi siwezi kujiibia. Na mama yako hajui kusoma hata pakiti ya chumvi."

Kwa hesabu hiyo akabaki paka.

Hili la Mama kutojua kusoma lilikuwa utani wa kijiji kizima, ila haukutaniwa mbele yake. Baba amefundisha nusu ya kata ile. Watoto aliwafundisha asubuhi, wazazi wao akawafundisha jioni kwenye darasa la ngumbaru, kwenye baraza la kanisa. Mtu pekee ambaye hakumfundisha ni yule aliyekuwa akimpikia. Mama alikuwa bibi harusi mpya kutoka Bugarama darasa lile lilipoanza. Akae benchi moja na majirani, aulizwe swali na mume wake mwenyewe mbele za watu, akosee, halafu arudi nyumbani akamsongee ugali? Hakutaka. Na Baba naye aliona watu watasema mwalimu kashindwa nyumbani kwake. Kila mmoja akainua shingo upande wake, na hivyo ndivyo walivyoishi zaidi ya miaka arobaini, wakipendana vizuri tu.

Badala ya kusoma, Mama alijifunza kufanana na mtu anayesoma. Kanisani anashika kitabu cha nyimbo, na hakigeuzi juu chini hata siku moja kwa sababu jaladani kuna msalaba. Wa mbele yake akifunua, naye anafunua. Akiimba, benchi zima linamsikia. Mimi niliijua siri ya kitabu hicho nikiwa darasa la tatu, siku niliyochungulia nikakuta sisi tunaimba ya Pasaka na yeye kafungua nyimbo za mazishi.

Basi likizo ilipofika nikapanda basi hadi Ngara mjini, nikamalizia na bodaboda, nikafika nimekuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi. Nilisalimia, nikanawa, na kabla sijameza chai Baba alikuwa ameshavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta.

Nikafungua kivinjari, yaani ile programu ya kuingilia mtandaoni, nikatafuta orodha ya kurasa zilizofunguliwa. Haikuwa na kitu. Tupu kama uwanja wa shule wakati wa likizo.

"Baba, historia iko wapi?"

"Nimefagia."

"Umefagia nini?"

Akanieleza kwa uvumilivu wa mwalimu. Kwenye semina moja ya parokia waliambiwa kompyuta isiposafishwa inachoka. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya sala, huifagia. Anaingia kwenye mipangilio, anafuta historia yote, anafunika kitambaa.

"Sasa wewe unamtafuta mwizi, halafu kila jioni unafuta nyayo zake?"

Baba alifikiri kidogo. "Ndiyo maana nimekuita," akasema.

Mimi hasira zangu ziko karibu, jambo ambalo nimelirithi kwake na sijawahi kumshukuru. Nilipumua. Kisha nikakumbuka kitu ambacho mwalimu mwenzangu wa kompyuta alinionyesha shuleni. Kivinjari kina tabia ya kina mama wa kwetu, hakitupi kitu. Kila ukurasa unaoufungua, kinachukua vipande vyake, picha hii, mchoro ule, sauti ile, kinavificha pembeni ili siku ukirudi visitafutwe upya. Hakiombi ruhusa. Ukifuta historia peke yake, vile vipande vinabaki. Kuna kisanduku cha pili cha kuweka tiki ili navyo vifutwe.

"Kile cha pili nilikiogopa," Baba alikiri. "Niliona maneno mengi."

Woga wake ndio uliotuokoa. Folda yenyewe haionekani kwa macho ya kawaida. Lazima uiamuru kompyuta ikuonyeshe faili zilizofichwa. Nilipoiamuru zikajitokeza, zimefifia kidogo, na Baba akainamia kioo. "Kumbe ina uvungu!" akasema. Ndani ya uvungu huo mlikuwa na mamia ya faili zisizo na majina, kila moja herufi moja na tarakimu nyingi, na pembeni siku na saa ilipoingia. Nikaanza kuzifungua moja moja kwa programu ya picha.

Ya kwanza ilikuwa mwanamume mwenye kichwa cha nywele nusu nyeupe, nusu nyeusi tii. Ya pili ilikuwa chupa ya rangi ya nywele. Ya tatu, chupa nyingine. Nikageuka taratibu nikamtazama Baba kichwani, kichwa ambacho mwaka mzima nilikuwa nakisifia kwa ndugu kwamba mzee wetu anazeeka vizuri.

"Hilo ni tangazo," akasema. "Huwa yanajileta."

"Yamejileta kumi na moja, Baba. Na hili linaonyesha namna ya kukorogea kwenye kikombe."

"Mimi humo nasoma masomo ya misa."

"Masomo ya misa nayo yapo. Mawili."

Hapo Baba alikumbuka kwamba mbuzi hawajanyweshwa maji, akatoka. Mbuzi wenyewe niliwaona wakati naingia, matumbo yamewajaa. Lakini nilimwacha aende.

Nikaendelea peke yangu. Dawa za goti. Namna ya kukata mgomba ulionyauka. Trekta. Halafu nikafungua faili moja akatokea kuku mwekundu amevaa miwani.

Nilimjua mara moja. Ni mimi niliyemweka pale. Likizo ya Desemba nilikuja na wanangu, nikaona wanashinda kwenye matope, nikawatafutia ukurasa wa masomo ya watoto wa darasa la kwanza, wa kujifunza kusoma kwa picha na sauti. Alama yake niliiweka wazi kwenye kioo ili waibonyeze bila kuandika chochote. Ni kuku. Wanangu walimbonyeza siku moja, kesho yake wakarudi kwenye matope. Tangu tuondoke hakuna mtoto aliyekanyaga nyumba ile. Lakini faili za kuku zilikuwa nyingi kuliko za Baba zote. A, e, i, o, u. Ba, be, bi, bo, bu. Picha ya kikombe na neno limekatwakatwa chini yake. Picha ya mkono umeshika penseli. Na faili za sauti, nzito, ambazo ukurasa ule huzivuta upya kila unapofunguliwa, na ndizo zilikuwa zinakula bando la watu.

Nikaangalia saa. Jumatano, saa kumi jioni. Jumatano nyingine, saa kumi. Jumamosi, saa nne asubuhi. Jumatano saa kumi Baba huwa kwenye jumuiya. Jumamosi saa nne huwa kwenye halmashauri ya parokia, akiwachosha. Nyumbani anabaki Mama, na kitambaa chake cha kupangusia vumbi.

Niliziba mdomo kwa mkono. Nilitaka kucheka, na hapo hapo machozi yalikuwa yananitoka, sikuelewa kipi kianze. Mama yangu! Nikazipanga faili kwa tarehe ili nimfuate hatua kwa hatua. Februari alikuwa kwenye irabu. Machi kwenye silabi. Aprili alishafika kwenye hadithi fupi fupi za sungura, na mwanzoni mwa Mei alikuwa kwenye somo la mwisho kabisa, la kusoma mwandiko wa mkono. Kisha, jambo la ajabu, wiki tatu zile za mwisho alikuwa amerudi mwanzo. A, e, i, o, u, upya. Ba, be, bi, upya, somo lile lile mara nne. Nikasema labda ni uzee, anajifunza na kusahau.

"Umempata?" Baba aliita kutoka uani.

Nilipoinua kichwa nilimwona Mama mlangoni. Kitambaa cha vumbi mkononi. Alikuwa anamtazama kuku, naye kuku kajaa kioo kizima na miwani yake. Mama akageuza macho. Alinitazama mimi kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mtu mzima, namna ya mwanafunzi aliyekamatwa na kitu chini ya dawati.

"Nimempata, Baba!" nikajibu kwa sauti. "Ni kompyuta yenyewe."

"Inafanyaje?"

"Inajiongezea maarifa. Inasubiri umetoka, inajifunza yenyewe, haikuombi ruhusa."

"Basi mashine hiyo haina adabu!"

Mama alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi, akageuka akaenda jikoni.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi, haraka kuliko kawaida. Nikachukua kisu nikakaa naye. Tulimenya kama nne hivi.

"Utamwambia?" akauliza kwa Kihangaza.

"Hapana."

"Maana akijua ataitangaza kanisani, aseme ni yeye kanifundisha."

"Simwambii, Mama. Lakini kwa nini sasa? Baada ya miaka yote?"

Alitumbukiza ndizi kwenye maji. "Nataka kusoma balua zako," akasema, safari hii kwa Kiswahili, kama vile jambo lenyewe linadai lugha ya shule. "Kwa macho yangu. Baba yako nikimwomba anisomee tena anasema amechoka, anasema zote zinafanana."

"Umeshaanza kuzisoma?"

"Naanza anza," akasema, na hakuniangalia.

Nilicheka ili nipate cha kufanya. Ndani nilikuwa nimepoa kama chungu kilichosahaulika nje. Barua zenyewe nilizijua. Nilisoma bweni huku upande wa Biharamulo, enzi ambazo simu ilikuwa ya watu wa mjini, na kila mwezi niliandika nyumbani. Zote zinaanza "Mpendwa Baba, shikamoo." Zote zinaendelea na sabuni iliyokwisha, viatu vilivyotoboka, mtihani nilioshika nafasi ya pili. Baba ndiye aliyejua kusoma, kwa hiyo niliandika kwa Baba, kama mtu anavyopeleka shauri ofisini kwa anayehusika. Kumsalimia Mama kwenye karatasi sikuona maana yake, kwa kuwa karatasi haikuwa inamjua.

Ningekuwa nimesahau tu kusalimia ingekuwa nafuu. Lakini kulikuwa na barua moja ya kidato cha pili. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na wenzangu mama zao ni wauguzi, makarani, wanavaa viatu vya kisigino, wanaongea Kiswahili cha kunyooka. Nikaandika: "Baba uje peke yako. Mama asije, hajui Kiswahili wala kusoma, wenzangu watanicheka, nitaona aibu." Niliiandika kwa mwandiko mzuri kabisa, nikayapigia maneno hayo mstari chini.

Baba alikuja peke yake. Mama alituma karanga za kukaanga na ndizi mbivu, nikazigawa bwenini, nikasifiwa.

Sasa barua ile ilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na Mama alikuwa anaifuata silabi kwa silabi. Siogopi mambo mengi, nimekaa na kidato cha nne mchana wa joto, lakini hilo liliniogopesha. Nikamtafuta Baba kwenye mbuzi wake.

"Baba, zile barua zangu za shule. Ulikuwa unamsomeaje Mama?"

"Kwa sauti," akasema.

"Yote yaliyomo?"

Alimkuna mbuzi kichwani muda mrefu. "Nilisoma yanayofaa kusomwa."

"Na ile ya siku ya wazazi?"

"Nilisoma kwamba shule inaruhusu mzazi mmoja mmoja, kwa sababu ya viti." Akanitazama kwa jicho la ualimu, lile la kukuacha usimame. "Na mwishoni niliweka salamu. Kwenye kila barua niliweka salamu kwa mama yako, maana wewe ulikuwa husalimii. Unataka niseme nini? Amekaa pale, ameacha kazi zake, amefunga kitenge kipya, anasubiri. Niseme mwanao hakukutaja?"

"Uliweka salamu gani?"

Baba yangu ana aibu kwenye mambo mawili tu, nywele na hili. "Za kawaida," akanung'unika. "Kwamba unamkumbuka kila ukila ndizi. Kwamba hujaona mtu anayeimba kama yeye. Kwamba bila yeye nyumba si nyumba. Mambo kama hayo." Kisha akafurahi ghafla. "Lakini usihofu, hawezi kujua. Labda ajue kusoma!" Akacheka peke yake.

Nikaamua kuiba. Ndiyo, mimi mwalimu, mama wa watoto, niliyeitwa kukamata mwizi. Jumapili asubuhi nikasema kichwa kinaniuma, wao wakatangulia misa. Nilisubiri mpaka sauti ya Baba ikapotea njiani, nikaingia chumbani kwao, nikavuta sanduku la bati.

Barua zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa kufumia, ule ule wa kitambaa cha kompyuta. Niliifungua ya juu. Chini ya kila silabi palikuwa na nukta ya penseli. Nukta ndogo, zimepangwa, moja baada ya nyingine, kuanzia "Mpendwa" hadi jina langu mwishoni. Nikafungua ya pili. Nukta. Ya tano. Nukta. Nikaitafuta ile ya siku ya wazazi nikaipata katikati, nayo ilikuwa na nukta kama nyingine, zimepita kwenye "asije", zimepita kwenye "hajui", ila chini ya "aibu" zilikuwa mbili mbili.

"Hiyo nimeimaliza."

Mama alikuwa mlangoni, kitenge cha misa, rozari shingoni. Nilibaki nimechuchumaa na karatasi mkononi.

"Nimesahau kitabu changu cha nyimbo," akasema. Kisha akakaa kitandani, karibu nami. "Hiyo niliisoma mara mbili. Mara ya pili nilitaka neno libadilike."

"Mama, nisamehe."

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Na mwandiko wako ulikuwa unalala lala, umenitesa sana." Alinyoosha mkono akachukua fungu zima la barua, akaliweka mapajani. "Lakini kuna kitu nataka unisaidie, wewe ni mwalimu. Salamu zangu sizioni. Nimezisoma zote, sizioni. Nikasema basi sijajua kusoma vizuri, kuna kitu nimekiruka. Nikarudi kwa kuku, nikaanza mwanzo." Akanisogezea barua ya juu na kidole chake kikavu juu yake. "Ziko wapi? Nionyeshe."

Nimesimama mbele ya wakaguzi, nimezika ndugu, lakini sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile. Wiki tatu alikuwa anarudia a, e, i, o, u kwa sababu mimi sikumsalimia, akadhani kosa ni lake. Ningeweza kumdanganya, lakini angeuliza mstari wa ngapi.

"Hazipo, Mama," nikasema. "Wewe unajua kusoma vizuri kabisa. Mimi sikuziandika. Baba ndiye alikuwa anaziweka."

"Nani?"

"Baba. Alikuwa anazitunga mwenyewe."

Nilingoja alie, au anipige kofi, na lolote kati ya hayo ningelipokea. Alikuwa anatazama ukutani, midomo ikicheza kidogo kidogo, na nikaona kwamba anazirudia kichwani, moja moja, zile za ndizi na za kuimba na za nyumba si nyumba.

"Zote?" akauliza.

"Zote."

"Huyu huyu mzee wa rangi ya nywele?"

"Unajua habari ya rangi?"

"Kikombe anachokorogea ni changu," akasema. Akacheka, akajifunika uso kwa upande wa kitenge, akacheka mpaka mabega yakatikisika, na alipofunua uso ulikuwa umelowa. Sikuuliza ni kicheko kipi hicho. Kisha akanigeukia, na kicheko kilikuwa kimeisha.

"Kwa hiyo zako hazikuwepo."

"Hazikuwepo, Mama."

"Haya." Akafunga barua kwa uzi wake, akarudisha sandukuni, akachukua kitabu cha nyimbo juu ya kabati. "Kichwa chako kimepona. Vaa viatu, twende, wameshaanza."

Kanisani nilikaa nyuma yake. Aliyekuwa mbele yake alifungua ukurasa, na Mama hakumtazama. Alifungua wake mwenyewe, akafuata kwa kidole, akachelewa mstari mzima nyuma ya kanisa lote, na hakujali.

Mchana, wakati wao wamejilaza, nilikaa mezani kando ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa. Niliandika barua kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Nilichana karatasi tatu. Nilipomaliza nikaitia bahasha, na juu yake nikaandika neno moja.

Walipotoka kunywa chai nikaiweka mezani katikati. Miaka ishirini na zaidi ilikuwa imepita, lakini mwili wa Baba ulikumbuka. Alivuta miwani, akajisafisha koo, akanyoosha mkono.

"Lete hapa," Mama akasema.

"Nini?"

"Barua. Imeandikwa kwangu."

Baba aliangalia bahasha. Akamwangalia Mama. Akaniangalia mimi, na nikaona yanamjia moja moja, bando, Jumatano, mashine isiyo na adabu. Alimpa bahasha kwa mikono miwili, kama anayekabidhi ofisi.

Mama aliifungua taratibu bila kuichana. Akaitandaza karatasi mezani, akaweka kidole.

"M-pe," akasoma. "Mpe-ndwa. Mpendwa. Ma-ma."

"Mama," Baba akasaidia.

"Nyamaza, mwalimu." Kidole kikasogea. "Shi. Shi-ka. Shika-mo-o."

Hapo akasimama. Nilidhani neno linalofuata limemshinda, nikaanza kujilaumu kwamba nimeandika maneno marefu. Baba alikuwa ameshika kikombe hewani, hanywi wala hakiweki. Mama aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akanitafuta upande wa pili wa meza.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kisha akarudisha kidole kwenye karatasi kutafuta mahali alipoishia.